Daftari la Misiba la Bwana Filimbi

Mashuka ya hoteli hayana huruma. Huja kwa magunia yakiwa machafu, na hutakiwa kurudi meupe, makavu na yamekunjwa. Mgeni anayeyalalia hajui yamepitia mikononi mwa nani.

Katika kiwanda kimoja cha kufulia nguo, mikono hiyo ilikuwa ya watu ishirini na sita. Jengo lao lilikuwa refu, la bati. Mlangoni zilikuwepo mashine za kufulia, katikati mashine za kukamulia, na mwisho kabisa, karibu na dirisha, meza za kupigia pasi. Kwenye meza ya dirishani alisimama mwanamke aliyeitwa Mama Kadogo. Alikuwa mpiga pasi hodari. Wenzake walimtania kwamba akiachiwa nafasi atanyoosha hata makunyanzi ya uso wa mtu.

Kazi yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa nane mchana. Hivyo ndivyo mkataba ulivyosema. Lakini mkataba ulilala kabatini ofisini, na Bwana Filimbi alikuwa macho.

Bwana Filimbi ndiye aliyekuwa msimamizi. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu ya filimbi ya chuma aliyoivaa shingoni. Ofisini walimwita Bosi. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema ili msomaji asianze kumchukia bure. Alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na hakuwahi kubeba hata kipande cha sabuni ya kiwanda. Kasoro yake ilikuwa moja. Aliamini kwamba mfanyakazi akijua jambo mapema ataliharibu.

Kwa hiyo kila siku saa saba u nusu alipuliza filimbi. Mashine zilizimwa. Bwana Filimbi akatoa kikaratasi mfukoni na kusoma majina ya watakaobaki mpaka saa kumi na moja jioni. Saa hizo za ziada zililipwa, hilo tusimsingizie. Lakini hakuna aliyejua kama jina lake limo mpaka alisikie. Aliyepanga kumpeleka mama yake kwa daktari na aliyemwahidi mwanawe kumfuata shuleni walisimama pamoja, macho kwenye midomo ya msimamizi.

Ilikuwepo njia moja tu ya kuponyoka, nayo ni msiba. Kwenye msiba Bwana Filimbi alikuwa mwepesi wa huruma. Alifungua daftari lenye jalada jekundu, akaandika nani amefiwa, nani amefariki na atazikwa wapi. Kisha akasema, "Pole sana. Nenda."

Basi watu wakawa wanakufa. Bibi yake dereva wa gari la mashuka alifariki Februari, akafariki tena Mei, na Agosti akapata ajali. Mtu wa mashine ya kukamulia alizika wajomba watano. Marehemu wote walizikwa mbali, mahali ambapo hakuna mtu wa kiwandani angeweza kwenda na kurudi kwa siku moja.

Mama Kadogo hakuwahi kumwua mtu. Yeye alicheka tu, akaendelea kupiga pasi.

Kadogo mwenyewe alikuwa binti wa miezi mitatu. Alizaliwa mzima, mwenye sauti kubwa na hamu kubwa ya kunyonya, ila mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeukia ndani. Hospitalini waliwaambia wazazi wasihofu. Mguu wa namna hiyo hunyooka, tena bila maumivu makubwa, mtoto akiwahishwa. Dawa yake ni plasta. Kila Alhamisi alasiri muuguzi wa plasta aliivua ya zamani, akaunyoosha mguu kidogo kwa mikono yake, akafunga nyingine. Wiki baada ya wiki, mguu ulirudi mahali pake.

Baba yake Kadogo alikuwa mwashi. Wakati huo walikuwa wakijenga shule nje ya mji, na alirudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi. Aliyebaki na mtoto mchana ni mama yake mwashi, yaani mama mkwe wa Mama Kadogo. Alikuwa mama mcheshi, mwenye ulimi mwepesi na magoti mazito. Kumlisha mjukuu na kumbembeleza aliweza. Kumbeba na plasta yake, kupanda magari mawili na kupandisha ngazi za hospitali hakuweza.

Kwa hiyo Alhamisi zilikuwa za Mama Kadogo. Akitoka kazini saa nane, aliwahi. Akisomwa kwenye kikaratasi, hakuwahi. Na Alhamisi moja akasomwa.

Wiki iliyofuata muuguzi wa plasta aliviangalia vidole vya mtoto, vilivyokuwa vyekundu na kuvimba kidogo.

"Mama, juma lililopita mlikuwa wapi?"

"Kazini. Sikuruhusiwa."

"Mtoto anakua, plasta haikui," muuguzi alisema taratibu, bila ukali. "Ikikaa sana inambana. Na tukiivua bila kufunga nyingine, mguu unarudi ulikotoka. Ukikosa tena itabidi tuanze upya, na mifupa inazidi kukaza. Sitaki afike huko. Tumebakiza plasta mbili tu."

Plasta mbili, Alhamisi mbili. Mama Kadogo alirudi nyumbani akizihesabu.

Jumatatu alipiga moyo konde, akagonga mlango wa ofisi. Alimweleza Bwana Filimbi habari yote, tangu mguu mpaka plasta. Alizungumza kwa haraka, na katikati machozi yakamtoka.

Bwana Filimbi alimsikiliza akigeuzageuza filimbi yake.

"Pole," alisema. "Lakini mguu si msiba."

"Bosi, ni saa nane tu. Ni saa yangu ya kutoka."

"Nikikuahidi wewe, kesho kila mtu hapa atakuwa na mguu. Subiri kikaratasi. Huenda usisomwe."

Huenda. Mama Kadogo alilibeba neno hilo siku tatu. Lilimnyima usingizi, likamfanya amkaripie mama mkwe bila sababu. Jumatano lilimfanya aunguze shuka. Alama ya pasi ilibaki katikati ya shuka, ya kahawia, wala hakuwa ameunguza kitu tangu aanze kazi. Mwili wake ulikuwa mezani, roho ilikuwa kwenye mguu wa mtoto.

Alhamisi, saa saba u nusu, filimbi ikalia. Jina la nne lilikuwa lake.

"Bosi," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Nimefiwa."

Bwana Filimbi akafungua daftari. "Nani amefariki?"

Hakuwa amejiandaa. Alimtafuta mtu kichwani. Mama yake mzazi hakuthubutu hata kumfikiria. Mume ndiye baba wa Kadogo, naye hakuweza kumzika.

"Mama mkwe," alisema.

"Pole sana. Atazikwa wapi?"

Hapo ndipo ugeni wake katika uongo ulipoonekana. Nyuma ya Bwana Filimbi, yule dereva alikuwa akimkonyeza na kumwonyesha kwa mkono: mbali, sema mbali. Mama Kadogo hakumwona.

"Nyumbani," alisema.

"Hapa hapa mjini?"

"Hapa hapa. Kesho."

Bwana Filimbi akaandika. Dereva akajishika kichwa.

Mama Kadogo alikimbia. Alimchukua mtoto mikononi mwa bibi yake, akasema "Nachelewa, mama," bila kumtazama usoni, akapanda magari yake mawili. Muuguzi alivua plasta, akaunyoosha mguu, akafunga nyingine. "Imebaki moja," alisema akitabasamu. Mama Kadogo alifurahi, akaona aibu, akafurahi tena. Njiani kurudi aibu ndiyo iliyokaa naye kwenye kiti.

Kumbe kiwandani mambo yalikuwa yameiva. Tangu Bwana Filimbi awe msimamizi, hakuwahi kuletewa msiba wa hapa mjini. Aliona ni wajibu wake.

"Tukimaliza kazi tunakwenda," aliwatangazia. "Mwenzetu amefiwa hapa hapa mjini. Hatuwezi kumwacha peke yake."

"Bosi, si twende wiki ijayo?" dereva alisema. "Watu wa matanga wanahitaji kupumzika."

"Washa gari."

Walikwenda saba, na mfuko wa sukari na mche wa sabuni. Walikuta nyumba kimya, hakuna turubai, hakuna viti vya kukodi. Barazani ameketi mama mmoja wa makamo, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Filimbi, akavua kofia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mbona nyuso zimekunjamana hivyo?"

"Tumekuja kuhani. Poleni sana kwa msiba."

"Msiba?" Mama aliweka ungo chini. "Nani amefariki?"

"Mama mkwe wa mpiga pasi wetu. Wanamwita Mama Kadogo."

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Akautazama mfuko wa sukari. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka mpaka mchele ukamwagika.

"Basi kaeni," alisema akijifuta macho. "Marehemu ndiye mimi. Sikujua kama nina watu wengi hivi."

Dereva alianza kurudi kinyumenyume kuelekea garini. Bwana Filimbi hakucheka. Uso ulimwiva.

Wakati huohuo akaingia jirani wa nyumba ya pili, mbio, kanga begani. Alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Sista. Ameona gari, amesikia neno msiba.

"Shoga, kwani si wewe uliyeniazima chungio asubuhi?" alimwuliza mama mkwe.

"Ni mimi. Nimefariki baada ya hapo."

Na Mama Kadogo akatokea njiani, mtoto kifuani, plasta mpya nyeupe ikining'inia. Aliona gari la kiwanda. Aliwaona wenzake. Akamwona mama mkwe wake, mzima, ameketi mbele ya waombolezaji wake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa fupi kupita kiasi.

Alipiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Nisamehe, mama. Sikuwa na njia. Jina langu lilisomwa na leo ilikuwa siku ya mguu."

Mama mkwe alimnyooshea mikono mtoto, akampakata. "Inuka. Umeniua vibaya, hata hukunililia. Lakini mguu umefungwa?"

"Umefungwa, mama."

"Basi nimekufa kwa faida."

Bwana Filimbi alikuwa amevaa kofia yake, daftari jekundu kwapani. "Kesho usije," alimwambia Mama Kadogo. "Nilikuandika kwa huruma. Umenifanya mjinga mbele ya watu."

Kibarua ndicho kilichowalisha mwashi anapokosa kazi. Na bado ilibaki plasta moja.

"Mwanangu, kaa kwanza," mama mkwe alisema, akamsogezea kigoda. "Mtu hakatai kiti anapokaribishwa na marehemu."

Kuna watu hata ukiwa na hasira huwezi kuwakatalia. Bwana Filimbi akaketi.

Sista naye alivuta kigoda. "Bosi, mimi si mtu wa kufua. Lakini nimepanga zamu za wauguzi thelathini kwa miaka kumi na tisa. Hilo daftari lako jekundu, naomba nilione."

Alisita, akampa. Sista alifungua kurasa akisogeza midomo.

"Wafanyakazi wako wangapi?"

"Ishirini na sita."

"Na misiba mwaka huu ni arobaini na mmoja. Huko kwenu kuna tauni?" Alifungua ukurasa mwingine. "Tena tauni yenyewe inapenda Alhamisi. Kwa nini Alhamisi?"

"Hoteli zinapokea wageni wengi Ijumaa," alisema Bwana Filimbi. "Alhamisi kazi inakuwa nyingi, kwa hiyo wengi wanabaki."

"Na wewe unajua lini kwamba Alhamisi hii kazi ni nyingi?"

"Jumatatu. Hoteli zinatuletea karatasi ya idadi Jumatatu asubuhi."

"Unawaambia watu lini?"

Bwana Filimbi alikohoa. "Alhamisi. Saa saba u nusu."

"Kwa hiyo siku tatu unazikalia."

"Nikiwaambia mapema watatafuta visingizio."

"Na usipowaambia wanatafuta makaburi," alisema Sista.

Mtu wa mashine ya kukamulia alicheka, akajifanya anapiga chafya. Alikuwa na wajomba watano daftarini.

"Usidhani nakusema kwa ubaya," Sista aliendelea. "Na mimi nilikuwa na filimbi yangu. Zamu nilizifungia kwenye droo, ufunguo nikauweka kifuani. Siku moja nikamlazimisha muuguzi wangu mmoja abaki, na nyumbani ana mtoto mwenye homa. Akabaki. Jioni nikamkuta ameshika dawa ya kitanda cha sita, anataka kumpa mgonjwa wa kitanda cha tisa. Nilimwahi. Hakuwa mzembe huyo. Mikono ilikuwa wodini, akili ilikuwa nyumbani. Niliogopa sana."

"Jana niliunguza shuka," alisema Mama Kadogo polepole.

Bwana Filimbi aligeuka kumtazama. Shuka hilo alikuwa ameliona, akaandika uzembe.

"Kisha nikafanya kosa la pili," alisema Sista. "Nikawaachia wapange wenyewe kila kitu, mimi nimekaa kando. Nikajiona mwema. Wenye sauti kubwa wakachukua siku nzuri, wapole wakabaki na Jumapili zote. Ugomvi ukawa kila siku. Kumbe kumwachia mtu si kumsaidia. Kiongozi ni lazima awepo."

"Sasa ulifanya nini?" Bwana Filimbi aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nilitundika ubao. Wiki nzima ikaandikwa kabla haijaanza. Kila mtu aliniambia siku moja ambayo kwake ni lazima: huyu kliniki, huyu mzazi mgonjwa, huyu masomo. Siku hiyo moja niliilinda kadiri nilivyoweza. Siku nyingine walizipokea bila kunung'unika, kwa sababu walizijua. Anayetaka kubadilishana anatafuta mwenzake kwanza, kisha ananiambia. Neno la mwisho lilibaki langu. Sikupoteza ukubwa hata kidogo."

"Wangenidanganya."

"Wanakudanganya sasa hivi. Ukweli hapo kwako hauna mlango. Umefungua mlango wa msiba tu, na watu wanapita mlango uliofunguliwa." Kisha Sista akamgeukia Mama Kadogo. "Na wewe usifikiri umepona. Uongo ni uongo. Ulipokwenda ofisini ulipeleka machozi, hukupeleka mpango. Ungesema: ni Alhamisi mbili tu, hii hapa kadi ya kliniki, na fulani amekubali kubaki badala yangu, nami nitabaki siku yake. Mtu mwenye mzigo kichwani ni rahisi kumsaidia ukimwonyesha pa kuuweka."

"Nimekosa, Bosi," alisema Mama Kadogo. "Niandike onyo, ni haki yako. Ila nisaidie Alhamisi moja iliyobaki."

Bwana Filimbi alitazama chini. Kadogo alikuwa ameishika kamba ya filimbi yake, anaivuta.

"Na wewe una mtoto?" mama mkwe alimwuliza.

"Ninaye. Binti. Ana miaka kumi na mitatu. Anacheza mpira shuleni, yeye ndiye kipa."

"Anadaka vizuri?"

Msimamizi aliitoa kamba ya filimbi taratibu mkononi mwa mtoto. "Wanasema anadaka," alisema. "Mechi zao ni Alhamisi."

Mama mkwe aliokota punje za mchele zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

"Kesho njoo kazini," Bwana Filimbi alimwambia Mama Kadogo alipoinuka. "Barua ya onyo utaikuta mezani. Alhamisi ijayo tafuta wa kubaki badala yako, uniambie kabla ya Jumatatu."

"Na sukari?" aliuliza dereva.

"Sukari iacheni," alisema mama mkwe. "Msiba ulikuwepo."

Ubao ulitundikwa Jumatatu, karibu na mlango. Ulikuwa meza kuukuu ya kukunjia mashuka, imepakwa rangi nyeusi. Bwana Filimbi alisimama mbele yake na chaki, akawauliza watu siku zao za lazima. Mwanzo hakuna aliyesema, waliogopa kuwa ni mtego. Kisha mtu wa mashine ya kukamulia akakohoa.

"Bosi, mimi Jumanne. Nasoma masomo ya jioni, nataka kumaliza darasa la kumi na mbili."

"Kumbe wale wajomba walikuwa masomo?"

"Walikuwa hesabu, Bosi. Wawili walikuwa kemia."

Siku hiyo kiwanda kilicheka, na Bwana Filimbi alicheka nacho, kwa mara ya kwanza tangu wamjue.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka siku moja. Wiki ya pili watu wawili walibadilishana zamu kwa mdomo, kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayebaki, na wote wakaenda nyumbani. Magunia sita yalilala na maji. Asubuhi Bwana Filimbi alikuwa na filimbi mdomoni, anahema. Mama Kadogo alidhani ubao umekwisha.

"Bosi, tuandike majina mawili," dereva alisema haraka. "Anayetoka na anayebaki, kila mmoja aandike jina lake kwa mkono wake. Asiyeandika, zamu ni yake."

Bwana Filimbi aliitoa filimbi mdomoni. Alifikiri. "Chukua chaki," alisema. Magunia hayakulala na maji tena.

Kadogo alifungwa plasta ya mwisho Alhamisi iliyopangwa. Aliyebaki badala ya mama yake ni mkunja taulo wa meza ya tatu, na Mama Kadogo alimlipa Jumamosi ambayo mkunja taulo alikuwa na harusi ya mdogo wake. Baada ya plasta, mtoto alivalishwa viatu viwili vidogo vilivyounganishwa kwa chuma. Muuguzi aliwaambia wasivivue ila wakati wa kuoga, na baadaye vitakuwa vya kulalia tu. Baba Kadogo, alipoona mambo ya mkewe yamewezekana, alimwendea mkuu wao wa ujenzi na kadi ya kliniki mkononi. Alipewa siku moja kila mwezi. Siku alizompeleka mtoto yeye, alirudi akijisifu kana kwamba mguu ameunyoosha kwa pimamaji.

Kiwandani mashuka yaliyoungua yalipungua mpaka yakakoma. Watu waliacha kugonganisha vikombe na kukaripiana mchana. Daftari jekundu lilikaa miezi mitano bila kuandikwa. Mwezi wa sita, mtu wa mashine za kufulia alifika ofisini, akasema baba yake amefariki. Bwana Filimbi hakuuliza atazikwa wapi. Alifunga ofisi, akapanda naye gari, na wote walikwenda, maana walijua ni kweli.

Mwaka ukapita. Jumatatu moja wafanyakazi walikuta mstari mpya chini kabisa ya ubao. Mwandiko ulikuwa wa Bwana Filimbi, umeandikwa kwa herufi ndogo kama za mtu anayeomba.

"Alhamisi: msimamizi anaomba kutoka saa nane. Binti yangu anadaka fainali."

Walisimama wakautazama. Pembeni palikuwa wazi, palihitaji jina la anayebaki. Mama Kadogo alichukua chaki, akaandika la kwake.

Alhamisi hiyo alisimamia kiwanda mpaka saa kumi na moja. Hakupuliza chochote. Alipotoka getini alimkuta mama mkwe wake, ambaye wafanyakazi wote sasa walimwita Marehemu, naye hukasirika wakisahau. Alikuwa ameegemea mkongojo. Mbele yake, juu ya changarawe, Kadogo alikuwa amesimama mwenyewe, nyayo zote mbili zimekanyaga chini sawasawa. Alimwona mama yake. Akapiga hatua nne, akakaa chini kwa kishindo, akainuka tena. Mama Kadogo alilia pale pale getini, na safari hii hakuona haja ya kumficha mtu.

Kesho yake asubuhi walimngoja Bwana Filimbi mlangoni.

"Bosi, mpira vipi?"

"Wamefungwa matatu," alisema. Alikuwa akitabasamu mpaka magego yanaonekana. "Lakini la nne alilidaka. Akaniangalia kuona kama nimeona. Nilikuwa nimeona."

Ndipo dereva akagundua kwamba shingo ya msimamizi ilikuwa tupu.

"Na filimbi yako?"

"Mwamuzi wao hakuwa nayo," alisema Bwana Filimbi, akachukua chaki. "Nimewaachia."